Modeli ya B.E.2c

Modeli ya B.E.2c ni nakala ndogo ya ndege ya kijeshi ya Uingereza iliyotumika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914-1918). Kwa kawaida huuzwa kama seti ya vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi huviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi mwenyewe. Ndege halisi za aina hii ziliruka pia katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ikiwemo Morogoro.

== Ndege halisi ==
B.E.2c ilikuwa na jozi mbili za mabawa, moja juu ya nyingine, zilizoshikiliwa kwa nguzo za mbao na nyaya. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao kilichofunikwa kwa kitambaa. Injini yake ya silinda 8 ilikuwa na nguvu ya farasi 90 hivi, na mwendo wake ulifikia takriban kilomita 116 kwa saa.

Iliundwa kwa ajili ya upelelezi. Ilitulia vizuri angani, lakini haikuweza kugeuka upesi. Mpelelezi aliketi mbele ya rubani, akizungukwa na nguzo na nyaya, hivyo ilikuwa vigumu kwake kufyatua bunduki. Kwa sababu hiyo ndege nyingi za aina hii ziliangushwa na ndege za Fokker za Ujerumani huko Ulaya. Hata hivyo ilifaa kwa mapigano ya usiku: mwezi Septemba 1916 rubani William Leefe Robinson alitumia B.E.2c kuangusha SL 11, puto kubwa la kivita la Wajerumani, karibu na London.

== Morogoro ==
Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, kilichokuwa na watu wengi kutoka Afrika Kusini, kilifika Mombasa mwezi Januari 1916 kikiwa na ndege za B.E.2c na Farman. Kilisaidia jeshi la Jan Smuts dhidi ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Mji wa Morogoro ulitekwa tarehe 26 Agosti 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Kisaki.

Milima ya Uluguru, inayoonekana kutoka Mafiga na kata nyingine za mji wa Morogoro, ina vilele vinavyozidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. B.E.2c ilihitaji takriban dakika 45 kupanda hadi mita 3,000, karibu na mwisho wa uwezo wake. Joto na mvua viliharibu mbao na kitambaa, malaria iliwaangusha marubani na mafundi, na miti iliwaficha askari waliokuwa wakitafutwa.

Wengi wa waliolengwa na mabomu hayo walikuwa askari Waafrika na wapagazi. Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote walikufa, hasa kwa magonjwa, njaa na uchovu.

== Skeli ==
Skeli ya modeli husomwa kama skeli ya ramani. Katika 1:72, sentimita 1 ya modeli ni sentimita 72 za ndege halisi. Upana wa mabawa ulikuwa mita 11.29, yaani sentimita 1,129. Ukigawanya kwa 72 unapata 15.7.

* 1:72 – upana sm 15.7, urefu sm 11.5
* 1:48 – upana sm 23.5, urefu sm 17.3
* 1:32 – upana sm 35.3, urefu sm 26.0

Kampuni ya Airfix ya Uingereza imetoa seti ya 1:72. Wingnut Wings ya Nyuzilandi, iliyofungwa mwaka 2020, ilitoa ya 1:32.

== Kuunganisha ==
Sehemu ngumu ni mabawa. Ya chini hubandikwa kwanza, kisha nguzo, halafu ya juu. Ni rahisi zaidi kupaka rangi kabla ya kubandika bawa la juu. Mwishoni nyaya huigizwa kwa uzi mwembamba.