Longhorn 4051: Windows Isiyofika Dukani

Mwishoni mwa Oktoba 2003, watengeneza programu waliohudhuria mkutano mkubwa wa Microsoft jijini Los Angeles walirudi makwao na diski za mfumo endeshi ambao haukupata kuuzwa. Jina lake la ndani lilikuwa Longhorn, na toleo walilopewa lilikuwa nambari 4051. Ndani yake kuna mfuatano wa tarakimu na herufi ulio kama cheti chake cha kuzaliwa: toleo hilo lilijengwa tarehe 1 Oktoba, saa 7:40 mchana. Wapo wapenzi wa kompyuta wanaoshikilia hadi leo kwamba Windows bora kuliko zote ndiyo hiyo, na kwamba Microsoft iliitupa. Mimi siamini, na shahidi wangu ni toleo lenyewe.

Jina lilitoka baa. Huko British Columbia, Kanada, ipo milima miwili ya watelezaji theluji, Whistler na Blackcomb, na chini yake kulikuwa na baa iliyoitwa Longhorn Saloon. Whistler lilikuwa jina la siri la Windows XP. Blackcomb lilitengwa kwa Windows kubwa ya baadaye. Longhorn ingekuwa kituo kifupi kati ya hizo mbili, toleo dogo la kuwapa wateja kitu kipya mnamo 2003. Kazi yake ilianza katikati ya 2001, XP yenyewe ikiwa bado haijaingia sokoni. XP ilitoka tarehe 25 Oktoba mwaka huo.

Kituo hicho hakikubaki kidogo. Mawazo mengi yaliyokuwa yakisubiri Blackcomb yaliingizwa ndani yake, na kufikia mkutano wa Los Angeles Bill Gates alikuwa akiitangaza Longhorn kuwa toleo kubwa kuliko yote tangu Windows 95. Ilisimama juu ya nguzo tatu. Avalon ingechora kila kitu kinachoonekana kwenye skrini, Indigo ingeziunganisha programu na huduma za mtandaoni, na WinFS ingebadilisha namna tunavyohifadhi mambo yetu.

Hiyo ya tatu ndiyo inayostahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa sababu umri wake unazidi wa Longhorn. Mwaka 1990, katika maonyesho ya Comdex, Gates alieleza ndoto ya taarifa zote kuwa kwenye ncha za vidole vya mtumiaji. Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza mradi wa Cairo, ambao ungekuwa na hifadhi ya faili ya aina mpya. Cairo haikutoka kama ilivyoahidiwa. WinFS ilikuwa ndoto ileile ikirudi na nguo nyingine. Wakati ule ukitafuta picha za harusi ulizotumiwa na shangazi, ilibidi ukumbuke uliziweka folda gani. WinFS ilikusudia mfumo wenyewe ujue kwamba hii ni picha, huyu ni mtu, hili ni tukio, na kwamba vitatu hivyo vinahusiana. Ili kufanya hivyo, waliweka juu ya mfumo wa faili wa NTFS hifadhidata iliyotokana na teknolojia ya SQL Server, yaani mashine iliyozoea kuhudumia mabenki na makampuni sasa ingefanya kazi ndani ya kompyuta ya mwanafunzi.

Toleo 4051 linaonyesha ndoto na gharama yake kwa pamoja. Ukiliwasha unakutana na sura ya kijivu iliyopewa jina la Slate, na upande wa skrini kuna upau mrefu wenye saa. Kwa macho ya 2003, XP ikiwa na rangi zake za buluu na kijani, ilikuwa sura ya heshima. Kisha unaanza kuitumia. Explorer, programu inayobeba eneokazi na folda, ina uvujaji wa kumbukumbu: inachukua RAM, hairudishi, inachukua tena, mpaka mashine inalemewa. Huduma ya WinFS nayo inafanya kazi nyuma ya pazia ikidai sehemu yake. Ni toleo la majaribio, mtu atasema, na uvujaji hurekebishwa. Kweli hurekebishwa, ila mradi uliokwishapita muda wake wa kwanza na bado hauwezi kufungua folda kwa utulivu una ugonjwa wa ndani zaidi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa utegemezi. Sehemu za Explorer mpya ziliandikwa juu ya mazingira ya .NET, na Avalon na WinFS nazo ziliyategemea mazingira hayohayo, huku zote zikibadilika kila wiki. Eneokazi lilimsubiri mchoraji, mchoraji alisubiri msingi, na hifadhi iliwasubiri wote. Makundi mengi ya wahandisi yaliandika msimbo katika matawi tofauti, kisha yakajaribu kuyaunganisha kwenye shina moja, na muunganiko ukivunjika kila mtu alikwama. Juu ya hayo likaja balaa la nje. Januari 2003 kirusi cha Slammer kilisambaa duniani kwa dakika chache, na Agosti Blaster ikaziangusha kompyuta za XP. Microsoft iliwahamishia watu wengi kwenye ulinzi wa XP, kazi iliyozaa Service Pack 2 ya Agosti 2004. Longhorn ikabaki na mikono michache wakati ilipohitaji mingi.

Aliyeuona ukweli mapema alikuwa Jim Allchin, mkuu wa Windows. Januari 2004 aliandika ndani ya kampuni kwamba kama asingekuwa mfanyakazi wa Microsoft angenunua Mac. Barua pepe hiyo ilijulikana hadharani baadaye, kupitia kesi ya ushindani wa kibiashara iliyosikilizwa jimboni Iowa. Mei 2004 lilitolewa toleo jingine, 4074, kwenye mkutano wa watengeneza vifaa jijini Seattle. Lina sura mpya ya Jade, na ndani yake wadadisi walikuta madirisha ya kioo yaliyofichwa. Ndilo linalopigwa picha zaidi, na ndilo linalolisha ile imani ya Windows iliyotupwa. Miezi miwili tu baadaye Allchin alimwendea Gates kumwambia kwamba mradi hautafika.

Uamuzi ulitangazwa tarehe 27 Agosti 2004: WinFS inaondolewa, Avalon na Indigo zitapatikana pia kwa XP. Lisilosemwa kwa sauti kubwa siku ile ni kwamba jengo lilikuwa likianzwa upya, sasa juu ya msimbo wa Windows Server 2003 uliokwisha kutulia. Brian Valentine na Amitabh Srivastava wa Microsoft walisukuma nidhamu mpya ya ujenzi, ambapo msimbo ulipaswa kupita vipimo kabla ya kukubaliwa shinani. Aprili 2005 lilipotolewa toleo 5048, waliozoea 4074 waliona umaskini: saa na upau wa pembeni havikuwepo. Nadhani hawakulitendea haki, maana lilikuwa limesimama.

Matokeo yake yaliitwa Windows Vista, ikawafikia wanunuzi wa kawaida tarehe 30 Januari 2007, zaidi ya miaka mitano baada ya XP. Pengo hilo ndilo lililoipa XP maisha marefu kupita makusudio yake. Waliopita kwenye mikahawa ya intaneti ya Dar es Salaam au Nairobi miaka ile wanakikumbuka kile kilima cha kijani kwenye eneokazi lake. Avalon na Indigo zilitoka Novemba 2006 zikiwa na majina mapya, ndani ya .NET 3.0. WinFS iliachwa rasmi Juni 2006, na baadhi ya matunda yake yakaenda SQL Server.

Kulifungua toleo 4051 leo kunahitaji hila. Matoleo haya yaliwekewa ukomo wa muda, kwa hiyo anayeyasakinisha, kwa kawaida ndani ya kompyuta pepe, hurudisha kwanza saa ya mashine hadi 2003. Nakala nyingi za Longhorn zilivuja: toleo 3683 lilikuwa mitaani tangu Novemba 2002, karibu mwaka mzima kabla ya Los Angeles. Kisheria hazina leseni ya kusambazwa, na bado bila wakaidi wanaozitunza historia hii ingebaki hotuba za jukwaani na kumbukumbu za wastaafu.

Kuna njia nyingine, na Microsoft inaijua. Machi 2014 iliruhusu Computer History Museum ya Mountain View, California, kuweka wazi msimbo wa MS-DOS 1.1 na 2.0 kwa ajili ya watafiti. Longhorn haijapewa nafasi hiyo. Anayetaka kujua ni mstari gani ndani ya Explorer ya 4051 uliokuwa ukila kumbukumbu hana budi kupima kutoka nje, kwa kuwa msimbo wenyewe bado ni mali iliyofungiwa Redmond, makao makuu ya Microsoft.