Mfamasia Atoka Dirishani

Mwaka 1952, polio ilipolipuka Copenhagen, wagonjwa walijaa katika Hospitali ya Blegdam. Kati ya 31 wa mwanzo waliopooza misuli ya kupumua, 27 walifariki. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, akapendekeza watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mfuko unaobinywa kwa mkono. Wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana, wakibinya mifuko hiyo. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua wodi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza duniani kwa wagonjwa mahututi.

Mwaka huohuo wa 1952, ng'ambo ya Atlantiki, chama cha wafamasia wa Marekani kilikuwa na kanuni mpya za maadili. Zilimtaka mfamasia asizungumze na mgonjwa kuhusu kazi ya dawa aliyoandikiwa wala kilichomo ndani yake. Akiulizwa, amwelekeze kwa daktari. Aliyezijua dawa kuliko wote hospitalini alitakiwa ahesabu vidonge na kunyamaza.

Kunyamaza huko kuna gharama kubwa zaidi kwa mgonjwa mahututi. Figo zake zikidhoofika, dozi ya jentamaisini iliyomfaa juzi inaweza leo kurundikana mwilini na kuziumiza figo hizohizo. Fenitoini, dawa ya kifafa, ikichanganywa na dripu ya glukosi hufanya chembechembe. Mgonjwa mwenyewe, akiwa usingizini na mpira kooni, hawezi kusema kwamba kuna jambo limeharibika. Mtu mwingine lazima aone kwa niaba yake, tena mapema.

Mabadiliko yalianzia ghorofani. Mwaka 1966, Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kiliwapeleka wafamasia ghorofa ya tisa ya hospitali yake, katika wodi za upasuaji, wawepo saa 24. Huko walikutana na maswali ya madaktari na wauguzi yalipozuka, badala ya kupokea karatasi ambayo uamuzi wake umeshapita. Kanuni ile ya kunyamaza nayo iliondolewa mwaka 1969. Hata hivyo, katika hospitali nyingi mfamasia aliendelea kukaa chini, nyuma ya dirisha.

Ushahidi uliotikisa watu ulitoka Boston. Lucian Leape na wenzake walimweka mfamasia mwandamizi katika wodi ya mahututi ya Massachusetts General Hospital. Kila asubuhi alizunguka na madaktari, kisha akabaki wodini kwa mashauriano, na mchana aliweza kuitwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Madhara ya dawa yaliyoweza kuzuilika, yale yaliyotokana na makosa ya kuandika dawa, yalishuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Katika wodi ya moyo waliyoilinganisha nayo, ambako hakukuwa na mfamasia kwenye raundi, hayakupungua.

Takwimu nyingine ya utafiti huo inanivutia zaidi. Mfamasia alitoa mapendekezo 366 kuhusu dawa zilizoandikwa, na madaktari wakayakubali 362. Tumezoea kudhani kwamba madaktari hawataki kusahihishwa. Kumbe mtu akisema mapema, akiwa amesimama nao kando ya kitanda, wino ukiwa haujakauka, maneno yake husikika kama msaada. Tena mpango huo haukudai wafamasia wa ziada. Hospitali ilitumia muda wa waliokuwepo kwa namna nyingine tu. Elimu ile ilikuwa ndani ya jengo miaka yote, ila ilikaa mbali na mgonjwa.

Kwetu Afrika Mashariki mgonjwa bado huambiwa aende "dirisha la dawa". Lakini Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi sasa vinatoa shahada ya uzamili ya famasia ya kliniki, na wahitimu wake wamefundishwa kusoma faili la mgonjwa kama wanavyosoma lebo ya chupa. Kwa hiyo swali linalobaki kwa mkuu wa hospitali yoyote si la fedha peke yake. Raundi ya asubuhi inapoanza katika wodi ya mahututi, mfamasia wenu anakuwa wapi?