Wakulima waliolihifadhi jumba la Markenfield

Kilomita kama tano kusini mwa mji wa Ripon, katika Yorkshire ya Kaskazini nchini Uingereza, lipo jumba la mawe lililozungukwa na handaki la maji pande zote nne. Linaitwa Markenfield Hall. Ni nadra kupata nyumba ya karne ya 14 iliyobaki kamili kiasi hicho katika nchi ile, na sifa hiyo haiwaendei mabwana waliolijenga peke yao. Inawaendea pia wakulima wapangaji walioishi humo kwa takriban miaka 400, watu ambao vitabu vya historia huwapita haraka.

Mwaka 1310 Mfalme Edward II alimpa John de Markenfield kibali cha kuiwekea nyumba yake meno ya ukuta, yaani zile ncha na mapengo ya juu ambayo mpiga mishale hujikinga nyuma yake. Kibali cha namna hiyo kilikuwa heshima kuliko silaha: kilitangaza kwamba mwenye nyumba ni mtu wa mfalme. Na John alikuwa mtu wa mfalme kwelikweli. Alikuwa kasisi, na papo hapo Chansela wa Hazina.

Jumba alilojenga lina umbo la herufi L. Chini kulikuwa na maghala na vyumba vya kazi. Maisha ya heshima yalikuwa juu. Huko ndiko uliko ukumbi mkuu, wenye madirisha marefu yaliyogawanywa na nguzo nyembamba za mawe. Katika nyumba za aina hii, ukumbi ndipo bwana alipokula na watu wake, akapokea wageni na kuamua mashauri ya wapangaji. Mtu aliupanda kwa ngazi ya nje, kutoka uani. Ngazi hiyo iliondolewa zamani, lakini alama ya paa lake bado inaonekana ukutani, mstari wa mshazari uliokatwa kwenye jiwe. Kwangu mimi mstari huo una thamani kuliko mapambo yote ya humo, maana unatuonyesha mgeni wa enzi hizo alivyoingia.

Kando ya ukumbi kuna kanisa dogo la Malaika Mkuu Mikaeli. Ukutani mwake limo beseni la jiwe lenye matundu mawili, ambamo padre alimwaga maji ya kunawia mikono na ya kusuuzia kikombe cha Misa.

Imani hiyo ya Kikatoliki ndiyo iliyowaponza wenye nyumba. Mwaka 1569 mabwana Wakatoliki wa kaskazini, wakiongozwa na malodi (earls) wa Northumberland na Westmorland, walimwasi Malkia Elizabeth I. Thomas Markenfield alikuwa miongoni mwa vinara wao, pamoja na mjomba wake Richard Norton. Waliteka Durham, wakarudisha Misa ya Kilatini katika kanisa kuu la mji huo, kisha uasi ukasambaratika kabla mwaka haujageuka vizuri. Thomas alikimbilia ng'ambo na hakurudi tena. Mali yake yote ikataifishwa.

Hapo ndipo bahati ya jengo ilipoanza, ingawa ilianza kwa msiba wa ukoo. Jumba lilipita mikononi mwa matajiri waliokuwa na makao yao kwingine, akiwemo Sir Thomas Egerton, aliyekuja kuwa Chansela Mkuu wa Uingereza. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuishi Markenfield. Alihitaji kodi ya ardhi. Kwa hiyo nyumba ikawa ya mkulima, na ua wake ukazungukwa na majengo ya shamba.

Tufikirie kingetokea nini kama tajiri mmoja angehamia pale katika karne ya 18. Wakati ule wenye fedha walikuwa wakibomoa nyumba za mababu na kuinua majumba yenye nguzo za Kiitalia. Mkulima mpangaji hakuwa na fedha wala sababu ya kufanya hivyo. Aliziba pale palipovuja, akaacha palipokuwa pazima. Hata Fletcher Norton, Bwana Grantley wa kwanza, aliyelinunua mwaka 1761 na ambaye alitoka ukoo wa akina Norton wale wale wa uasi, aliliendeleza kama nyumba ya shamba.

Si kila jumba lililogeuzwa hivyo lilipona kirahisi. Great Chalfield, katika Wiltshire, lililojengwa na Thomas Tropenell katika karne ya 15, nalo lilipangishwa kwa wakulima likachakaa vibaya. Kilichosaidia ni michoro iliyochorwa mwaka 1836 na Thomas Larkins Walker, mwanafunzi wa mchoraji wa majengo Pugin. Ndiyo iliyowaongoza mafundi walipolirudisha katika hali yake mwanzoni mwa karne ya 20.

Markenfield lilisubiri hadi mwaka 1980, Bwana Grantley wa saba alipoanza kulikarabati. Alifariki mwaka 1995, na mjane wake akaiendeleza kazi. Leo ni makazi ya familia tena, shamba bado linalimwa pembeni, na wageni hukaribishwa kwa siku maalumu za mwaka. Atakayejaliwa kufika asimame kwanza uani, autafute ule mstari wa ngazi ukutani kabla ya kuingia ndani.