Kadkhoda na Hesabu ya Watu wa Kijiji cha Kiajemi

Katika nyanda kavu za Uajemi, tangu uwanda wa Varamin ulio jirani na Tehran hata Fars, ambako koo nyingi za pwani yetu hujinasibisha na mji wake wa Shiraz, kijiji aghalabu hakikuanzishwa pale mtu alipopenda kujenga, bali pale yalipotokea juu ya ardhi maji yaliyosafiri chini kwa chini katika qanat, mifereji iliyochimbwa kwa mikono na mafundi walioirithi kazi hiyo kwa baba zao. Kadiri ya maji ndiyo iliyokuwa kadiri ya watu. Zamu za kumwagilia zilishikwa na mirab, ambaye mahali pengi aliupima wakati kwa bakuli la shaba lenye tundu jembamba kitakoni, akaliacha lielee katika chombo cha maji mpaka likajaa likazama. Na mtu asiyekuwa na fungu katika zamu hizo, hata awe amezaliwa hapo yeye na babu zake, hakuhesabiwa katika mambo ya kijiji.

Amri ya watu ilikuwa kwa kadkhoda, kwa niaba ya mwenye ardhi, ambaye mara nyingi alikaa mjini na kukiona kijiji chake wakati wa mavuno tu. Sheria ya mwaka 1935 ilimtia mzee huyu katika daftari la serikali: mwenye ardhi akampendekeza, mkuu wa wilaya akamthibitisha, na hivyo akawa mtu wa mabwana wawili ilhali ujira wake ulitoka kwa wengine kabisa, yaani wakulima, waliompimia nafaka uwanjani kama walivyompimia kinyozi, mhunzi na mlinzi wa mashamba. Sioni ajabu kwamba walimcha na kumhitaji kwa pamoja. Mwaka 1937 nchi ikagawanywa kuwa mikoa, wilaya, tarafa na mitaa ya vijiji, na kadkhoda akawa ngazi ya mwisho ya dola.

Mavuno yenyewe yaligawanywa, kwa kanuni ya zamani, katika mafungu matano: la ardhi, la maji, la mbegu, la ng'ombe wa kulimia na la kazi, na mkulima asiyekuwa na kitu ila mikono yake alijua fungu lake kabla hajapanda. Hata hivyo huyo alikuwa na nasaq, haki ya kulima. Chini yake walikuwapo khoshneshin, wasiokuwa na haki hiyo: vibarua na mafundi, na kadhalika wenye maduka, ambao baadhi yao waliwakopesha wakulima kwa riba na kuwapita kwa mali.

Serikali ilipofanya hesabu yake ya kwanza ya watu wote, mwaka 1956, walipatikana karibu milioni 19, na takriban 7 katika kila 10 waliishi nje ya miji. Nao khoshneshin wakaandikwa kichwa kwa kichwa kama wengine. Walakini sheria ya kugawa ardhi ya Januari 1962, aliyoisimamia Hassan Arsanjani, waziri wa kilimo, ilirudia hesabu ya zamani: ardhi walipewa wenye nasaq, na wasiokuwa nayo wakatoka mikono mitupu. Wengi wakashika njia ya Tehran na miji mingine, wala si wao peke yao, kwa kuwa mashamba yaliyogawiwa mara nyingi yalikuwa madogo mno. Na hesabu ya mwaka 1986 ilionyesha kwamba watu wa mijini wamekwisha kuwazidi wa vijijini.

Tangu uchaguzi wa Februari 1999 wanakijiji hulichagua baraza lao wenyewe, nalo humchagua dehyar, mtumishi wa kuangalia usafi, njia na vibali vya ujenzi. Hapo hatimaye mjukuu wa khoshneshin ana kura iliyo sawa na ya mjukuu wa mwenye nasaq, ila imemjia wakati ambapo wanaoishi vijijini, kwa hesabu ya mwaka 2016, ni kama robo tu ya watu wa nchi hiyo.