Jariwalla wa Unguja: kutoka sinema ya hemani hadi ukumbi wa Royal

Tulipozungumzia vibanda umiza katika kipindi chetu, wasikilizaji wa Matombo na Tawa walituuliza swali zuri: hii kazi ya kuwakusanya watu, kuwatoza kiingilio na kuwaonyesha picha, nani aliianza huku kwetu? Jibu linatupeleka Unguja, kisiwa ambacho wakulima wetu wa karafuu wanakijua kwa jina hata kama hawajawahi kupanda boti.

Huko aliishi Hassanali Adamji Jariwalla, mfanyabiashara wa Kibohora ambaye asili ya familia yake ni mji wa Surat, India. Jina la ukoo lenyewe linamaanisha muuza nyuzi za dhahabu, zile za kutarizi nguo. Yeye akauza picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alikuwa akionyesha sinema ndani ya hema. Picha za wakati huo hazikuwa na sauti. Baadaye akapata jengo la mabati, na watu wakaliita wanavyoliona: Sinema ya Bati. Anayejua mvua ikipiga juu ya bati atakubali kwamba picha zisizo na sauti zilifaa humo.

Mwaka 1921 akafungua ukumbi hasa, Royal, pale Vuga. Ramani yake ilichorwa na John Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye pia alichora Mahakama Kuu na Jumba la Makumbusho la Beit el Amani. Yaani huyu mtu wa hema alitaka sinema ikae kwenye jengo la heshima sawa na la serikali. Kwa maoni yetu hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Enzi zile serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi karibu katika kila jambo, lakini sinemani kilichoamua ukae wapi kilikuwa hasa bei ya tiketi, na taa zikizimwa wote mnatazama pazia moja.

Wenye kumbi waliomfuata Unguja, Dar es Salaam na Tanga walikuta watu wameshazoea kwenda sinema. Jumapili ilikuwa siku ya picha za Kihindi, na Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa mno. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ili mama wa nyumbani anayejisitiri naye atoke. Walanguzi wa tiketi hawakukosekana nje.

Kuna jambo moja la kazi hiyo linalotufurahisha sana sisi watu wa redio. Picha moja ilikuwa na mikanda kadhaa, na wakati mwingine nakala ilikuwa moja kwa kumbi mbili. Basi ukumbi wa pili ulichelewa kidogo kuanza. Mkanda wa kwanza ukiisha huku, kijana aliupakia kwenye baiskeli na kukimbia nao kule. Akipata pancha, ukumbi mzima unasubiri! Mwenye sinema hapo hana la kufanya ila kuwatuliza watu, kama mwenye kibanda wa leo jenereta inapozima katikati ya mechi.

Royal iliungua moto katika miaka ya 1950. Mwaka 1955 ikasimama upya mahali palepale kwa jina la Majestic, kwa ramani ya Dayalji Pitamber Sachania. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kumbi za Zanzibar zikaingia mikononi mwa serikali. Huku Bara, sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo iliwakumba wenye sinema pia, na wapo waliobaki kuendesha kumbi walizojenga wenyewe, sasa kama wapangaji. Kisha ikaja mikanda ya video, na Bara televisheni zikaanza mwaka 1994. Kumbi nyingi zikageuzwa maduka, maghala au nyumba za ibada.

Majestic yenyewe imechakaa, na wahifadhi wa Zanzibar wamekuwa wakihangaika ikarabatiwe irudi kuwa sinema. Ukienda Unguja, uliza Vuga ilipo. Ukuta wa mbele bado umesimama.