Valery Zorkin: mwamuzi aliyemkatalia Raisi, kisha akarudi kitini

Huko Urusi kuna mwamuzi mmoja anayejulikana kwa mambo mawili yasiyofanana. Mwaka wa 1993 korti yake ilitangaza kwamba Raisi wa inchi amevunja katiba. Miaka zaidi ya 20 baadaye, korti hiyohiyo, akiiongoza yeye mwenyewe, ilimfungulia njia Raisi mwengine aendelee kutawala. Ni nani huyo Valery Zorkin?

Mwalimu wa sheria

Zorkin alizaliwa tarehe 18 Februari 1943, katika jimbo la Primorye, mashariki kabisa ya Urusi. Alimaliza masomo ya sheria kwenye chuo kikuu cha Moscow mwaka wa 1964, kisha akafundisha kwa miaka mingi. Hakupanda ngazi kutoka korti ndogo kama waamuzi wengine. Oktoba 1991 wabunge walimchagua kuingia katika Korti ya Katiba, iliyokuwa mupya kabisa, na mwezi uliofuata waamuzi wenzake wakamuweka kuwa mkubwa wao.

Kazi ilianza na moto. Mwaka wa 1992 korti ilipaswa kusema kama Raisi Boris Yeltsin alikuwa na haki ya kupiga marufuku chama cha kikomunisti. Jibu lilikuwa la katikati: viongozi wa juu wa chama, marufuku yao ni halali, lakini matawi ya chini yana haki ya kuishi.

Usiku wa Septemba 1993

Tarehe 21 Septemba 1993, Yeltsin alivunja bunge kwa amri yake mwenyewe. Katiba ya wakati ule haikumpa uwezo huo. Usiku uleule waamuzi walikutana: 9 walisema amri inavunja katiba na inatosha kumuondoa Raisi, 4 walikataa.

Lakini korti haina askari. Tarehe 4 Oktoba vifaru vilipiga jengo la bunge pale Moscow, na katika fujo za siku zile watu zaidi ya 100 walikufa. Zorkin aliacha uongozi, ijapokuwa alibaki mwamuzi. Yeltsin akasimamisha kazi ya korti, na ilirudilia kazi mwaka wa 1995 tu, chini ya katiba ingine na mkubwa mwengine.

Kurudi

Februari 2003, waamuzi wenzake walimchagua Zorkin tena. Mwaka wa 2009 korti ilikataza adhabu ya kifo isitolewe tena, uamuzi ambao ungali unaheshimiwa na wengi. Lakini mwaka uleule sheria ilibadilishwa: mkubwa wa korti hachaguliwe tena na wenzake. Raisi ndiye anapendekeza jina, na baraza la juu la bunge linapitisha.

Tangu hapo maamuzi makubwa yalitoka haraka. Tarehe 18 Machi 2014 Vladimir Putin alitia sahihi mkataba wa kuunganisha Crimea na Urusi. Kesho yake korti ikasema hauna kosa. Tarehe 14 Machi 2020 alitia sahihi mageuzi ya katiba yanayofuta hesabu ya mihula yake ya zamani, ili aweze kugombea tena mpaka 2036. Siku mbili tu, korti ikakubali. Mageuzi yaleyale yalipunguza waamuzi kutoka 19 hadi 11, na kumpa Raisi uwezo wa kuomba mwamuzi wa korti hiyo aondolewe.

Kinachobaki

Wenye kumtetea Zorkin wanasema aliona kwa macho yake inchi ikikaribia vita ya wenyewe kwa wenyewe, akaamua kuiokoa korti. Wenye kumlaumu wanauliza: korti imeokolewa, lakini kwa kazi gani? Mwaka wa 1993 ilisema hapana bila kuwa na nguvu ya kusimamisha vifaru. Leo jengo lake ni zuri, kule Saint Petersburg, hakuna kifaru kinacholielekea. Ila mwananchi mwenye kesi dhidi ya Raisi anajua ni nani aliyewaweka wanaomsikiliza.