Ukisema Acha, Naacha

Daktari wa kwanza aliniambia ni mawazo tu. Wa pili akasema nikizaa itaisha. Nilikuwa na miaka 22, na safari ya matatu kutoka Rongai hadi tao iliniacha nikiwaka kwenye mashavu ya uke kama nimepakwa pilipili. Chuo nilikuwa nimeacha, lakini tabia ya kuchimba historia sikuacha. Nikaanza kusoma.

Mnamo 1861 daktari Mmarekani, J. Marion Sims, aliupa jina ugonjwa wa uke unaojikaza kwa maumivu: vajinismasi. Dawa yake ilikuwa kisu. Ni Sims yuleyule ambaye kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, aliwapasua watumwa weusi tena na tena, bila ganzi, akitafuta tiba ya fistula. Majina matatu tunayajua: Anarcha, Betsey, Lucy. Hakuna kati yao aliyekuwa na uwezo wa kukataa.

Njia nyingine ilikuja polepole. Mwaka 1948 Arnold Kegel alieleza mazoezi ya misuli inayobeba kibofu na mji wa uzazi. Alitaka kuiimarisha kwa wanawake waliovuja mkojo baada ya kujifungua. Sisi wenye maumivu mara nyingi shida yetu ni kinyume: misuli imekaza na haijui kuachia. Mwaka 1995 Howard Glazer na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake waliofanya mazoezi wakitumia kifaa kinachoonyesha misuli inavyokaza na kulegea. Halafu 2021, utafiti wa Kanada uliohusisha wanawake 212 ukaonyesha kwamba wiki 10 za fiziotherapia zilisaidia kuliko mafuta ya ganzi ya kupaka.

Mwaka jana nilimpata mama mmoja anayefanya kazi hiyo. Alinionyesha mchoro, akanifundisha kupumua hadi tumboni. Kisha akavaa glavu na kuuliza, "Naweza kukugusa, mami? Ukisema acha, naacha."

Kidole kimoja, taratibu. Nilipokaza, alingoja. Mara ya tatu nikasema acha, na kweli akaacha. Nililia pale kitandani, na si kwa uchungu. Nilikuwa nawaza Anarcha.

Bado kuna siku inauma. Lakini sasa nafika tao nikiwa nimekaa.